Kuchagua Fidla ya Kwanza Ukiwa Mtu Mzima

Mtoto akipewa fidla mbovu, mwalimu au mzazi wake huligundua tatizo kabla yake. Mtu mzima anayejinunulia mwenyewe hana mlinzi wa namna hiyo, na kwa kuwa anaingia katika muziki akiwa tayari na wasiwasi kwamba amechelewa, kila sauti inayokwaruza huihesabu kuwa kosa la vidole vyake au la umri wake. Mimi nilianza nikiwa na miaka 38, kwa fidla niliyoinunua Kariakoo kwa sababu iling'aa na kwa sababu ilikuja na upinde, mkoba na kipande cha rozini kwa bei moja. Kwa miezi minne nilibonyeza nyuzi zake hadi ncha za vidole zikachimbika mifereji. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa nilipompelekea mzee mmoja aliyepiga fidla katika taarab tangu ujana wake. Baada ya shikamoo na marahaba, hakuniuliza ninafanya mazoezi kwa saa ngapi. Alifungua pochi, akatoa kadi ya benki, kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva na kadi ya bima, akaniomba na zangu, kisha akaanza kuzipanga moja juu ya nyingine na kuzipenyeza chini ya nyuzi. Kadi nane zilipita chini ya uzi mwembamba bila kuugusa. "Mwanangu," akasema, "hapa hata mimi ningelia."

Kipimo kile cha kadi nitakieleza hapa chini, kwa sababu hakuna chombo cha bei nafuu kuliko hicho ambacho mnunuzi anaweza kwenda nacho dukani. Lakini kwanza lieleweke jambo ambalo kipimo chenyewe hulifichua: fidla inayotoka kiwandani ikiwa ndani ya boksi mara nyingi haijamalizika kutengenezwa. Mbao zimeunganishwa na vanishi imepakwa, ila daraja linalobeba nyuzi, kijiti cha juu chenye vijifereji vya kupitishia nyuzi, vigingi vya kukazia na nguzo ndogo iliyosimama ndani ya tumbo lake vinasubiri mkono wa fundi atakayevirekebisha kwa ajili ya fidla ile moja. Fidla ya kawaida iliyorekebishwa vizuri itamfundisha mwanafunzi, ilhali fidla bora ambayo haijarekebishwa itamtesa. Ndiyo maana ushauri wangu unaelekea upande mmoja: jali kwanza marekebisho, na mtu atakayeyafanya, kabla ya kujali jina lililoandikwa ndani.

Kabla ya kwenda dukani

Nitatumia neno fidla kama wasemavyo watu wa taarab, ingawa muuzaji dukani huenda akakuuliza kama unataka vayolini. Ni chombo kilekile. Ukubwa hautakusumbua sana. Karibu watu wazima wote hutumia ukubwa kamili, unaoandikwa 4/4, ambao mwili wake bila shingo una urefu wa milimita 356 hivi. Nyoosha mkono wa kushoto pembeni, mtu akupimie kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja; ukipata sentimita 60 au zaidi, huna la kujadili. Mwenye mkono mfupi zaidi au viganja vidogo sana anaweza kujaribu ukubwa wa 7/8, ambao ni adimu kupatikana, au wa 3/4, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Anayetumia mkono wa kushoto ajifunze kama wengine, kwa sababu katika fidla mikono yote miwili ina kazi ngumu, na fidla za mashoto ni chache mno. Fidla ya umeme iache kwa sasa, hata kama unaishi katika nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba. Kipunguza sauti cha mpira kinachobanwa juu ya daraja kitawatosha majirani.

Kuhusu fedha, kanuni yangu ni kutoimaliza yote kwenye fidla. Mwenye laki sita atenge angalau laki moja na nusu kwa ajili ya nyuzi mpya, daraja, mto wa bega na ujira wa fundi, na fidla yenyewe aitafute kwa kinachobaki. Najua ushauri huu haupendezi, kwa kuwa kila mtu hutaka kusema amenunua chombo cha laki sita, lakini nimeona fidla za bei hiyo zikining'inia ukutani kama mapambo kwa sababu mwenye nazo hakubakiwa na hela ya kuzitengeneza.

Fidla nyingi mpya zinazouzwa katika maduka ya Kariakoo na Posta ni seti za kiwandani kutoka China, na hilo peke yake si kasoro, kwani China hutengeneza fidla za kila daraja, kuanzia zile za kutupa hadi zile za wapigaji wa kulipwa. Hata Stentor, kampuni ya Uingereza inayojulikana kwa fidla za wanafunzi, hutengenezea fidla zake huko. Ukiona fidla ya Stentor au ya Yamaha iliyokwisha tumika, ikiuzwa labda na mgeni anayehama baada ya mkataba wake wa kazi kuisha, iwahi, kwa sababu huenda imekwisha kupita mikononi mwa fundi na mbao zake zimetulia. Seti mpya kabisa yenye kila kitu inayouzwa kwa bei ya viatu vya michezo iogope.

Usiende peke yako. Mlipe mwalimu au mpigaji wa kwaya nusu siku yake aandamane nawe. Ujira huo utaurudisha mara kadhaa. Ukikosa mtu hapa mjini, kumbuka kwamba Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, na ng'ambo ya maji, Unguja, kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilichoanzishwa mwaka 2002, ambako fidla hufundishwa pamoja na udi na kanuni, vyombo vya nyuzi vya muziki wa Kiarabu. Safari ya boti kwa siku moja ni nafuu kuliko kosa la miaka miwili.

Ukaguzi, ukiwa na kadi mkononi

Sasa turudi kwenye kadi. Kadi ya benki, leseni na vitambulisho vya plastiki vya ukubwa huo hutengenezwa kwa kipimo kimoja cha kimataifa, na unene wake ni milimita 0.76. Fidla ina nyuzi nne, kuanzia nene ya sauti ya chini hadi nyembamba ya sauti ya juu: G, D, A na E. Nenda kwenye mwisho wa ubao wa vidole, upande unaoelekea kwenye daraja, ukapime nafasi iliyopo kati ya ubao na uzi. Chini ya uzi wa E nafasi hiyo inatakiwa kuwa milimita tatu hadi tatu na nusu, yaani kadi nne zipite kwa kugusagusa. Chini ya uzi wa G inatakiwa kuwa kama milimita tano, yaani kadi sita au saba. Kadi zikipita nyingi zaidi ya hapo, daraja ni refu na halijachongwa. Kila noti utakayobonyeza itakuumiza, tena itapanda kidogo juu ya sauti yake kwa sababu unauvuta uzi mbali mno kuufikia ubao. Zikipita chache mno, nyuzi zitapiga ubao na kutoa mlio wa nyuki.

Kisha hamia upande wa pili, kwenye kijiti kilicho karibu na kichwa. Hapo kadi hata moja haipaswi kupita. Nafasi iwe ya unene wa karatasi ngumu tu. Wengi husahau sehemu hii, nami niliisahau, ilhali ndiyo inayoamua ugumu wa noti za mwanzo kabisa ambazo mwanafunzi atazibonyeza mwaka mzima. Daraja refu na kijiti kirefu ni kasoro zinazorekebishika kwa saa moja ya kazi ya fundi, kwa hiyo zisikukimbize zikiwa peke yake. Zitumie kupunguzia bei.

Kasoro za kukukimbiza ni nyingine. Ishike fidla kwa kichwa chake, uitazame kwa jicho moja kama seremala anavyoangalia ubao ulionyooka: ubao wa vidole unatakiwa uelekee katikati ya daraja, na usiwe umepinda kuegemea upande. Shingo iliyokaa vibaya haina dawa ya bei nafuu. Washa tochi ya simu, umulike ndani kupitia tundu lenye umbo la herufi f. Utaiona nguzo nyembamba ya mbao imesimama wima kati ya uso na mgongo, nyuma kidogo ya mguu wa daraja ulio upande wa uzi wa E. Nguzo hiyo haikugundishwa. Inashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi tu, na kazi yake ni kupeleka mtetemo mgongoni na kuuzuia uso usibonyee. Waitalia na Wafaransa huiita roho, nao hawatii chumvi, kwa maana ikianguka sauti hufa palepale. Nguzo iliyoanguka husimamishwa, lakini ufa wa mbao mahali nguzo inapogusia, uwe usoni au mgongoni, ni sababu ya kuirudisha fidla kwenye mkoba na kumshukuru muuzaji. Halafu igonge kwa upole kwa kifundo cha kidole, ukiizunguka ukingoni pande zote. Palipogundika vizuri patalia kwa mlio mmoja, na palipoachia patatetemeka kama bati lililolegea. Kuachia kwa ukingo ni jambo dogo, mradi gundi iliyotumika ni ya wanyama.

Ubao wa vidole una hila yake. Kwa kuwa ni mweusi, muuzaji atakwambia kwamba ni mpingo, na kwa sisi tuliozoea kuona vinyago vya Mwenge neno hilo lina uzito. Kwa kawaida ubao mzuri wa fidla hutokana na miti mingine migumu myeusi yenye asili tofauti na mpingo wetu, ambao katika muziki wa dunia hutafutwa zaidi kwa ajili ya klarineti na zumari za okestra. Hilo lisikuhangaishe. Linalokuhusu ni kama ubao ni mgumu na mweusi hadi ndani, au ni mti laini uliopakwa rangi. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji kidogo, usugue upande wa chini wa ubao, ule unaoning'inia juu ya tumbo. Kitambaa kikitoka na weusi, ujue kwamba jasho la Dar es Salaam litaondoa rangi hiyo kabla ya mwaka kwisha, na nyuzi zitachimba mifereji katika mti ulio chini yake.

Mwisho zungusha vigingi. Kila kimoja kinatakiwa kigeuke bila kukwama na kibaki pale ulipokiacha. Fundi anaweza kuvirekebisha vikiwa vizito, lakini vikiwa na umbo lisilolingana na matundu yake, utakuwa mtu wa kufunga nyuzi, yaani kuzikaza hadi zifike kwenye sauti zake, badala ya mtu wa kupiga fidla. Kwa anayeanza napendekeza mkia, yaani kipande kinachoshika nyuzi upande wa kidevu, wenye skurubu ndogo nne za kurekebishia, ili asihitaji kugusa vigingi kila siku.

Upinde, na kimya chake

Kuna jambo moja ambalo huwatisha wanunuzi wengi, na wauzaji wasioujua muziki hawawezi kuwaeleza. Upinde mpya ambao singa zake hazijapakwa rozini hautoi sauti yoyote. Unateleza juu ya uzi kama kidole juu ya kioo chenye sabuni, na mnunuzi hudhani fidla ni mbovu. Rozini ni utomvu mkavu wa msonobari, nao ndio unaozifanya singa za mkia wa farasi zishike na kuachia uzi mara mamia kwa sekunde. Nenda dukani na rozini yako. Ikiwa ni mpya na inang'aa, ikwaruze kwanza kwa msasa, kisha usugue singa kutoka mwanzo hadi mwisho mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika.

Kaza skurubu hadi nafasi kati ya mti na singa, katikati ya upinde, iwe ya unene wa penseli. Kisha tazama kwa jicho moja kutoka upande wa kishikio: mti uliopinda kushoto au kulia utakuvuta huko kila siku. Kwa hali ya hewa yetu ningechukua upinde wa nyuzi za kaboni badala ya mti wa bei rahisi, kwa sababu haupindi kwa unyevu. Mpigaji aliyezoea upinde wa mbao za Brazili atanicheka, lakini yeye hauachi upinde wake ndani ya gari Mbagala saa saba mchana.

Jina lililo ndani

Ukichungulia kwenye tundu utaona karatasi, na siku moja utaona imeandikwa kwa Kilatini kwamba fidla ile ilitengenezwa na Antonius Stradivarius wa Cremona. Usitetemeke. Antonio Stradivari alifariki mwaka 1737, na tangu karne ya 19 viwanda vya Ujerumani na Bohemia vimebandika jina lake katika fidla zisizohesabika, kwa maana tu kwamba umbo limeigwa kwake. Fidla kuukuu ya namna hiyo inaweza kuwa nzuri sana au gogo tupu. Karatasi haikwambii chochote. Ninawafahamu watu wawili hapa mjini ambao wamekataa kuuza fidla za babu zao kwa bei ya kawaida wakisubiri mabilioni.

Na hata zile za kweli hazina uchawi tunaoudhani. Mwaka 2010 huko Indianapolis, Marekani, wapigaji 21 wenye uzoefu walivalishwa miwani ya giza na kupewa fidla sita, tatu mpya na tatu za Italia ya zamani, zikiwemo mbili za Stradivari. Wengi hawakuweza kutambua ipi ni ipi, na iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya. Fanya vivyo hivyo kwa kipimo chako: geukia ukuta, mwenzako apige wimbo mmoja mfupi kwa fidla mbili au tatu, kisha asimame mbali kidogo na kurudia, kwa sababu fidla iliyo chini ya sikio husikika tofauti na fidla iliyo upande wa pili wa chumba. Chagua ile inayosema waziwazi hata ikipigwa polepole. Iwapo sauti za nyuzi mbili za juu zitakushangaza kwa kuwa chini, uliza kwanza zimefungwa vipi, maana wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu huzishusha hadi G na D.

Mwili wako nao

Mtu mzima ana shingo iliyokwisha kuamua urefu wake na mabega yenye mazoea ya dawati au usukani. Weka fidla begani, angalia mbele, kisha achia mkono wa kushoto. Fidla inatakiwa kubaki bila wewe kuinua bega wala kukunja shingo kama anayebana simu. Pengo lililopo hujazwa na mto wa bega unaopandishwa na kushushwa, na kikalio cha kidevu chenye kimo kinachokufaa, ambacho hubadilishwa kwa ufunguo mdogo. Dada anayevaa hijabu atagundua kwamba kitambaa laini huteleza juu ya kikalio cha plastiki. Kipande cha ngozi ya mbuzi kilichofungwa juu yake humaliza tabu hiyo, na wanaotoka jasho jingi nao watakishukuru.

Joto, unyevu na fundi

Fidla hustarehe zaidi unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 40 na 60, na Dar es Salaam haijui starehe hiyo, hasa wakati wa masika. Vigingi huvimba na kukwama. Ukiingia ofisini kwenye kiyoyozi hukauka na kuachia ghafla. Gundi ya wanyama hulainika kwa joto, ndiyo maana fidla iliyoachwa kwenye gari juani au chini ya bati lisilo na dari hufunguka kingo. Iweke kwenye mkoba mgumu, mbali na dirisha na mbali na pumzi ya kiyoyozi, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, ambavyo ukivikausha juani vinatumika tena.

Kingo zikifunguka, usimpelekee fundi samani. Atakuwa na nia njema na gundi nyeupe ya mbao, na baada ya hapo hakuna atakayeweza kuifungua fidla ile bila kuivunja, wakati gundi ya wanyama iliwekwa makusudi ili iachie kabla mbao hazijapasuka. Tafuta anayetengeneza udi au magitaa ya mbao, au uliza wapigaji wa taarab wanapeleka wapi vyombo vyao, nawe umuulize fundi huyo swali moja kabla ya kumkabidhi chochote: anatumia gundi gani?

Siku ya kwanza nyumbani usizilegeze nyuzi zote kwa pamoja hata kama unataka kuzibadilisha, maana daraja litalala na roho itaanguka. Badilisha mmoja, ukaze, ndipo uende kwa mwingine. Nyuzi mpya zitashuka mara kwa mara kwa siku kadhaa kwa kuwa bado zinanyooka, kwa hiyo zifunge kila unapoichukua fidla, ukitumia programu ya simu iliyowekwa A kuwa hezi 440. Kila unapokaza, nyuzi hulivuta daraja liegemee upande wa ubao wa vidole. Litazame ubavuni: uso wake unaoelekea mkiani unatakiwa kusimama wima. Likiegemea, keti, iweke fidla magotini, ushike daraja kwa vidole vya mikono miwili karibu na juu, ulirudishe taratibu kwa unene wa ukucha. Kisha futa vumbi la rozini kwa kitambaa kikavu, legeza upinde, funga mkoba.